Chujio la Umeme katika Kikuza Sauti cha Vali: Somo Kutoka Mabwawa ya Mchanga ya Ukambani

Utangulizi

Pana dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vyetu kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, riwaya na mahubiri, ilhali sayansi ina lugha yake ambayo mtu hana budi kuiazima kila anaposhika bisibisi. Dhana hii haivunjwi na maazimio ya makongamano. Huvunjwa na kazi: mtu achukue jambo gumu la kiufundi, alieleze kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha msomaji aamue mwenyewe iwapo ameelewa. Makala haya yananuia kufanya hivyo.

Jambo tulilolichagua ni chujio la umeme katika kikuza sauti cha vali. Vali ni ile chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo mafundi wengi huiita valvu, na iliyotawala redio zote duniani kabla ya transista iliyobuniwa nchini Marekani mwaka 1947 kuipokonya kiti. Huenda msomaji akauliza kwa nini tushughulike na kifaa cha kale. Sababu ni tatu. Kwanza, vali haijafa. Makampuni kama Fender na Marshall yangali yanatengeneza vikuza sauti vya vali kwa ajili ya wapiga gita. Pili, katika nyumba nyingi zetu zimo redio za marehemu babu zilizowekwa juu ya kabati, na vijana wenye ari hutamani kuzifufua. Tatu, na hii ndiyo sababu kuu, anayekosea katika sehemu hii ya kifaa hapotezi alama za mtihani tu. Anaweza kupoteza maisha.

Mfano wetu wa kuelezea tumeutoa Wote, mji mkuu wa Kaunti ya Makueni, ambao jina lake lina herufi zile zile za neno letu "wote". Tumeuchagua kwa kuwa wakazi wa Makueni na Kitui wanalijua tangu utotoni jambo ambalo wanafunzi wa umeme hulisoma kwa taabu: namna ya kuyageuza maji yajayo kwa kishindo na kutoweka, yakawa maji yanayopatikana kila siku.

Vali na Kiu Yake ya Umeme

John Ambrose Fleming alivumbua vali ya kwanza mwaka 1904 nchini Uingereza. Ilikuwa na sehemu mbili: kathodi inayopashwa moto ili itoe elektroni, na anodi inayozivuta. Mwaka 1906 Lee de Forest, Mmarekani, aliongeza waya wa tatu katikati yake, yaani gridi. Volti kidogo zikiitikisa gridi, mkondo mkubwa unaopita kati ya kathodi na anodi hutikisika vivyo hivyo. Hapo ndipo sauti hafifu ya gita au ya maikrofoni inapokuzwa.

Ili anodi ivute elektroni, yahitaji volti nyingi, aghalabu kati ya 200 na 450. Isitoshe, volti hizo sharti ziwe tulivu. Zikipanda na kushuka, mkondo wa anodi nao utapanda na kushuka, na spika haitajua kutenganisha mtikisiko wa gita na mtikisiko wa umeme. Itavitoa vyote viwili. Hicho cha pili ndicho tunachokisikia kama mvumo usiokoma, hata pale mpiga gita anaponyamaza.

Mvumo huo hutoka wapi? Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao ni mkondo geu: huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Vali haiwezi kuutumia ulivyo kwenye anodi. Lazima kwanza upitie transfoma ili upate volti zifaazo, kisha dayodi ziulazimishe kwenda upande mmoja, na hatimaye chujio liutulize.

Misimu Miwili ya Mvua

Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Ukiweka dayodi moja, nusu ya kila mzunguko hupita na nusu nyingine huzuiwa; utapata mapigo 50 kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo pana ukame mrefu. Ukiweka dayodi mbili pamoja na transfoma yenye ncha ya katikati, au dayodi nne, nusu zote mbili hutumika, nawe utapata mapigo 100 kwa sekunde.

Hebu msomaji afikirie mwaka wa Ukambani. Kuna mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, na mvua ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Lau mvua ingenyesha mara moja tu kwa mwaka, bwawa la kumvusha mkulima hadi msimu ufuatao lingehitaji kuwa maradufu. Ndivyo ilivyo kwa umeme: mapigo 100 huhitaji nusu tu ya akiba inayohitajiwa na mapigo 50. Tofauti ni kwamba mapigo ya umeme hulingana, ilhali mkulima wa Makueni anajua vyema kwamba vuli na masika hazilingani.

Bwawa la Kwanza: Kapasita

Mito mingi ya Makueni na Kitui ni ya msimu. Mvua ikinyesha, mto hufurika kwa saa chache. Ikikatika, hubaki mchanga mtupu. Wenyeji wamejenga kuta za mawe na saruji zinazokatiza mito hiyo hadi kwenye mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji hujificha, jua lisiweze kuyakausha upesi. Miezi ya kiangazi watu huchimba visima vifupi, wakateka maji safi.

Kapasita ni bwawa la namna hiyo. Pigo la umeme lifikapo, hujaa. Pigo likipita, hutoa ilichokihifadhi hadi pigo linalofuata. Kwa kuwa haijazwi kikamilifu wakati wote, volti zake hushuka kidogo na kupanda tena. Mpando na mshuko huo tutauita viwimbi.

Ukubwa wa viwimbi hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chukua mkondo unaotumiwa, uzidishe kwa muda ulio kati ya pigo na pigo, kisha ugawanye kwa ukubwa wa kapasita. Tuseme transfoma yetu hutoa volti 250 kwa kila upande wa ncha ya katikati. Kilele cha volti hizo ni 250 mara 1.414, yaani 353 hivi. Tuseme pia kwamba kikuza sauti chetu hutumia miliampia 100, nayo kapasita ya kwanza ni ya maikrofaradi 47. Muda kati ya mapigo 100 ni sekunde 0.01. Basi 0.1 mara 0.01 ni 0.001, gawanya kwa 0.000047, utapata volti 21 kutoka kilele hadi bonde. Kwa kweli viwimbi huwa vidogo kuliko hivyo, maana kapasita huanza kujazwa kabla ya muda huo kwisha, lakini mbuni mwangalifu hukadiria kwa upande wa usalama. Lau tungetumia dayodi moja, hesabu ingetupa volti 42.

Volti 21 za viwimbi ni nyingi mno. Vali ya kwanza katika kikuza sauti hupokea kutoka kwa gita mawimbi ambayo aghalabu ni sehemu ndogo tu ya volti moja. Ni kama kumnong'onezea mtu kando ya kinu cha kusagia mahindi.

Kwa Nini Tusijenge Bwawa Kubwa Zaidi?

Fundi asiye na subira atasema: basi tuweke kapasita ya maikrofaradi 470, viwimbi vishuke hadi volti 2. Hesabu yake ni sahihi, lakini amesahau upande wa pili. Mkondo wote unaotumiwa katika sekunde 0.01 lazima urudishwe ndani ya kapasita katika muda mfupi wa kilele. Kapasita ikiwa kubwa, volti zake hushuka kidogo, na kwa hivyo mlango wa dayodi hufunguka kwa muda mfupi zaidi. Kiasi kile kile cha umeme sasa chalazimika kupita kwa kitambo kifupi, kwa mkondo mkubwa unaoipasha transfoma moto na kuiumiza dayodi.

Dayodi za silikoni zaweza kustahimili hali hiyo kwa kadiri fulani. Dayodi za vali haziwezi. Ndiyo maana watengenezaji waliweka mipaka: vali ya GZ34 haikukusudiwa kufuatwa na kapasita ya kwanza inayozidi maikrofaradi 60, na EZ81 haikukusudiwa kuzidishiwa maikrofaradi 50. Anayefufua redio ya babu akaondoa kapasita kuukuu na kuweka iliyo kubwa mara kumi, kwa imani kwamba kikubwa ndicho bora, ameiandalia vali hiyo jeneza. Kapasita kubwa zaweza kuwekwa mbele zaidi katika mnyororo wa chujio, ila si hapo mwanzoni.

Koili: Mkokoteni Uliosheheni

Suluhisho la wabunifu wa zamani lilikuwa koili ya kuchujia, ambayo mafundi huiita choki. Hii ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye kiini cha chuma. Mfano wa bwawa hautufai hapa. Na tuchukue mkokoteni wa punda uliosheheni madebe ya maji. Mkokoteni huo ni vigumu kuuanzisha, na ukishaanza ni vigumu kuusimamisha. Ukiusukuma na kuuvuta upesi upesi hautatikisika, lakini ukiukokota polepole upande mmoja utakwenda. Koili nayo hupinga mabadiliko ya mkondo, ilhali mkondo usiobadilika huiacha upite karibu bure.

Tuweke koili ya henri 10 baada ya kapasita ya kwanza, na baada ya koili tuweke kapasita nyingine ya maikrofaradi 47. Kwa viwimbi vya mara 100 kwa sekunde, koili hii ina ukinzani wa omu 6,283, nayo kapasita ina ukinzani wa omu 34. Viwimbi hugawanywa kati yao kwa uwiano huo, nasi tukitoa 34 kutoka 6,283 na kugawanya kwa 34, twapata kwamba viwimbi hupungua takriban mara 184. Volti 21 huwa volti 0.11.

Je, rezista ya kawaida haiwezi kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu? Ili ipunguze viwimbi kwa kiasi hicho, yahitaji omu zipatazo 6,200. Mkondo wa miliampia 100 ukipita humo, ungepoteza volti 620, na sisi tunazo 353 tu! Koili yenye waya wa omu 150 hupoteza volti 15 peke yake. Hapa ndipo thamani ya koili inapodhihirika.

Hata hivyo, koili ina masharti yake. Mkondo wa upande mmoja hukijaza kiini cha chuma sumaku, na kikijaa koili hupoteza nguvu yake. Kwa sababu hiyo kiini huachwa na pengo jembamba la hewa, na mnunuzi lazima ahakikishe kwamba koili imekadiriwa kwa mkondo unaozidi ule atakaoutumia. Aidha, koili na kapasita hubembea pamoja kama mtoto na pembea. Kwa henri 10 na maikrofaradi 47, mbembeo wao ni mara 7 hivi kwa sekunde, mbali kabisa na 100. Lakini mtu akichukua koili ndogo ya henri 1 na kapasita ya maikrofaradi 4, mbembeo huwa mara 80 kwa sekunde. Hapo viwimbi huongezeka badala ya kupungua, nalo chujio likawa ndilo linalozidisha uchafu.

Rezista na Hatua za Mwanzo

Vali za mwisho, zinazosukuma spika, ndizo zinazokula mkondo mwingi, lakini huvumilia viwimbi kwa kiasi. Vali za mwanzo hula mkondo mdogo, ila mvumo wowote unaoingia hapo hukuzwa na hatua zote zinazofuata. Kwa hivyo umeme huanza kugawiwa vali za mwisho, kisha huchujwa tena kabla ya kufikishwa kwa zile za mwanzo.

Kwa kazi hii rezista inatosha. Tuseme vali ya mwanzo hutumia miliampia 2. Rezista ya omu 10,000 itapoteza volti 20 tu, kwa joto la wati 0.04. Ikifuatwa na kapasita ya maikrofaradi 22, ambayo ina ukinzani wa omu 72, viwimbi hupungua takriban mara 138. Volti 0.11 huwa chini ya sehemu moja ya elfu moja ya volti. Tumeanza na 21 na kufika hapo kwa kapasita tatu, koili moja na rezista moja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba huondoa mvumo vilevile.

Kikuza Sauti Kilichotoka Ng'ambo

Jamaa zetu walioko Marekani wakati mwingine hurudi na vikuza sauti vya huko. Kila mtu anajua kwamba umeme wa huko ni wa volti 120, hivyo hununua transfoma ya kupunguza volti. Wachache hukumbuka kwamba mkondo wa huko hugeuka mara 60 kwa sekunde, na kwamba transfoma haibadilishi idadi hiyo. Kifaa kilichobuniwa kwa viwimbi vya mara 120 sasa kinapata vya mara 100. Kapasita ya kwanza huacha viwimbi vilivyo vikubwa kwa asilimia 20. Chujio la koili na kapasita hudhoofika kwa asilimia 44 juu ya hayo. Kwa jumla, viwimbi huongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Fauka ya hayo, transfoma ya ndani hupata moto zaidi. Mwenye kifaa atakisikia kikivuma akiwa Wote ilhali hakikuvuma kule kilikotoka, naye asikimbilie kulaumu nyaya za nyumba yake.

Bwawa Lililoibwa Mchanga

Katika Makueni uchimbaji holela wa mchanga wa mito uliwahi kuwa tatizo kubwa hata kaunti ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Mto ukiporwa mchanga, hubaki bila pa kuwekea maji. Kapasita za elektroliti nazo hupatwa na jambo kama hilo: majimaji yaliyomo ndani hukauka kadiri miaka inavyopita, na uwezo wa kuhifadhi hupungua. Redio iliyokaa miaka 40 juu ya kabati isichomekwe kwenye umeme moja kwa moja. Kapasita zake zibadilishwe kwanza, kwa kuzingatia alama za chanya na hasi, maana ikifungwa kinyume yaweza kupasuka. Volti zake za juu nazo zisiwe karibu na kilele. Kwa mfano wetu wa volti 353, umeme wa nyumbani ukipanda kwa asilimia 10 kilele hufika 389; kapasita ya volti 400 imebanwa mno, ya volti 450 inafaa.

Akiba Inayoua

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Katika kikuza sauti cha vali, methali hii ni onyo. Umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita hubaki humo hata baada ya swichi kuzimwa na waya kuchomolewa ukutani, tena huweza kukaa muda mrefu. Kapasita tatu za mfano wetu zina jumla ya maikrofaradi 116. Kwa volti 350 zimebeba nguvu ya jouli 7. Kiasi hicho, kikipita kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine, chaweza kuusimamisha moyo.

Mbuni mwadilifu huweka rezista ya kumwagia akiba, iliyounganishwa sambamba na kapasita. Ikiwa ya omu 220,000, umeme hupungua hadi volti 3 hivi baada ya dakika mbili. Wakati kifaa kinapofanya kazi, rezista hiyo hutoa joto la wati 0.56, basi iwe ya wati 2 ili isiungue. Hata hivyo, rezista yaweza kukatika bila kuonyesha dalili. Kwa hivyo, pima kwa mita kila kapasita kabla ya kugusa, na upime tena. Tumia mkono mmoja, wa pili ukae mbali na chuma cha kifaa. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Asiyekuwa na mita wala mwalimu na amwachie fundi, wala hiyo si aibu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba chujio ni mnyororo wa maafikiano. Kapasita kubwa hutuliza viwimbi lakini huumiza dayodi. Koili hutuliza bila kupoteza volti lakini ni nzito na ina masharti. Rezista ni rahisi lakini haifai penye mkondo mwingi. Ubunifu ni kujua kila kimoja kiwekwe wapi.

Kuhusu lugha, msomaji ataona kwamba tumetumia maneno ya aina mbili. Kapasita, koili, dayodi na volti tumeyakopa, kama lugha nyingi zilivyokopa. Lakini mvumo, viwimbi, chujio, ukinzani, pigo na mkondo tulikuwa nayo tangu hapo, nayo ndiyo yanayobeba maelezo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi. Msamiati upo na idhini ipo. Kijana wa Wote anayefungua redio ya babu yake anahitaji kuambiwa, kwa lugha anayoielewa bila kusitasita, kwamba ndani ya lile kopo dogo la bati mna akiba ambayo haijaoza. Kumwambia hivyo ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili sawasawa na wa wanafunzi wa umeme.